Kengele ya Bati Isiyolia

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na nyundo tayari zimepamba moto. Uwanja wa mafundi bati una vibanda kumi na vinne vilivyopakana ukuta kwa ukuta, na katika kila kibanda kuna mtu anayepiga kitu. Huyu anakunja mdomo wa ndoo, yule ananyoosha bati lililokunjamana, wa tatu anatoboa matundu ya jiko. Mgeni anayeingia hapa kwa mara ya kwanza huziba masikio, halafu hutoka nje kidogo akapumue.

Kwenye kibanda cha sita ameketi mwanamume wa miaka hamsini na saba, kifua kipana, miwani imefungwa kwa waya nyuma ya kichwa isidondoke. Anaunda sanduku la mwanafunzi wa bweni. Nyundo yake ya kilo moja na nusu inapanda na kushuka bila papara. Kila baada ya mapigo matatu anaiweka kando, anapitisha kidole gumba kwenye mkunjo taratibu, macho yakiwa kwingine kabisa. Kidole kikikwama, anarudia. Kikiteleza, anasogea mbele.

Hapa uwanjani anaitwa Radi. Alipewa jina hilo akiwa kijana kwa sababu ya sauti yake. Wenzake wanasema akikohoa, watu wa ng'ambo ya barabara huanua nguo.

Leo Radi atafanya jambo ambalo miaka miwili iliyopita ungemwambia alifanye mngekosana. Saa nne kamili ataweka nyundo chini, atanawa kwa maji ya ndoo nyuma ya kibanda, atavaa shati la kola, na ataongozana na mkewe kwenda kwenye mkutano wa watu wasiosikia vizuri. Chini ya meza yake ya kazi, vikiwa vimefunikwa kwa gunia, kuna vitu kumi na viwili vya bati jipya ambavyo ametengeneza kwa ajili ya siku hii.

Ukitaka kuzungumza naye, usimwite kwa nyuma. Utaita mpaka ukauke koo. Zunguka, simama mbele yake, hakikisha mwanga unakuangukia usoni, sema polepole bila kupiga kelele. Hapo utampata Radi mzima, na maneno yake yasiyoisha.

"Watu wanadhani uziwi unakuja kama taa kuzimika," anasema, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Hapana, ndugu yangu. Unaibiwa kidogokidogo, kama watoto wanavyoiba sukari kwenye kopo. Siku unayofungua kopo ndiyo siku unayojua, na watoto wenyewe wameshakua na kuondoka."

Amekuwa fundi bati kwa miaka thelathini na mmoja. Kabla ya kulijua hilo hakuwahi kuziba masikio hata siku moja, na wala hakuna aliyemwambia azibe. Kwanza walimpotea ndege wa asubuhi. Halafu saa ya ukutani ikaacha kugonga, naye akainunulia betri mbili kabla ya kuiacha. Halafu zikafuata sauti nyembamba, za watoto na za wanawake. Sauti nzito za wanaume aliendelea kuzipata, na uwanjani kila mtu hupayuka kutwa nzima na kuongea kwa mikono. Basi angejuaje? Kazini alikuwa anasikia vizuri kabisa.

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika.

Mkewe ni mfumaji wa vitambaa vya meza, mwanamke mdogo wa umbo, mpole, mwenye sauti nyembamba ambayo zamani Radi mwenyewe alikuwa akiisifia. Wamezaa watoto watatu. Mwaka ambao mtoto wa mwisho alihama nyumbani ndio mwaka ambao nyumba ilinyamaza, na kila mmoja akawa na maelezo yake juu ya kimya kile.

"Nilikuwa narudi jioni namkuta jikoni, kanipa mgongo, anapika," anasimulia Radi. "Namsalimia. Sisikii jibu. Kesho hivyohivyo. Nikasema, ahaa, kumbe alikuwa anaongea na mimi kwa ajili ya watoto tu. Watoto wameondoka, kazi yangu imekwisha. Basi na mimi mdomo ninao, naweza kuufunga."

Mkewe, akihojiwa peke yake, ana hadithi ileile kutoka upande wa pili wa sufuria.

"Nilikuwa namjibu! Kila siku namjibu," anasema, na hata sasa machozi yanamlengalenga. "Namwita aje kula, kimya. Namwita mara ya pili, kimya. Ya tatu naona haya. Mtu mzima mimi, namwita mume wangu mara tatu kama ninayemwita mbuzi? Nikaacha kumwita. Nikawa namwekea chakula mezani naondoka."

Miaka miwili waliishi hivyo. Hawakugombana, hawakutukanana. Walilala kitanda kimoja, kila mtu akiamini kwamba mwenzake amemchoka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe uliletwa na birika.

Binti yao wa mwisho, mwalimu wa watoto wadogo, alikuja likizo na zawadi ya mama yake: birika la filimbi. Asubuhi moja aliliinjika jikoni, akatoka uani kuanika nguo. Baba yake alikuwa ameketi hatua mbili kutoka jikoni, anasoma gazeti. Birika likapiga filimbi. Likapiga mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kulikoni. Binti aliporudi mbio alikuta maji yamekauka, tako la birika limeiva rangi, na baba yake anageuza ukurasa wa michezo.

"Nilimwita kwa nyuma, hakugeuka," anakumbuka binti huyo. "Nikaenda mbele yake. Akainua uso akatabasamu, akaniuliza, 'Umeshaanika zote?' Nikaangua kilio."

Hospitali walimwingiza kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, wakamvika vifaa masikioni, wakampa kitufe akibonyeze kila atakaposikia mlio. Radi akakaa na kitufe chake, mtiifu kama mtoto wa darasa la kwanza. Akangoja. Baada ya dakika kumi alifungua mlango kwa upole, akamwambia nesi kwamba samahani, mashine yenu nadhani mmesahau kuiwasha.

Mashine ilikuwa imewashwa muda wote.

Daktari alimwonyesha karatasi yenye mstari ulioanza juu na kushuka ngazi kwa ngazi hadi chini. Akamwambia kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kinaweza kwenda. Labda miaka mitano, labda kumi, hasa akiendelea kupiga bati bila kinga. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, lakini bei ya jozi moja ni sawa na masanduku arobaini na mawili ya wanafunzi, na mwezi mzuri Radi huuza tisa. Mwishowe daktari akampa kikaratasi: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tano, darasa la mwisho kwenye shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kuna mkutano wa watu wenye tatizo kama lake.

"Nilikasirika," anakiri. "Nikasema, mimi si kiziwi, mimi ni fundi. Nikaenda kukikunja kile kikaratasi, nikakiweka chini ya mguu wa meza ya nyumbani iliyokuwa inayumba."

Wiki mbili baadaye meza ilianza kuyumba tena. Fundi wa miaka thelathini na mmoja hakujiuliza kwa nini.

Alichokiona ni kingine. Mkewe alianza kutoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi, gauni la kutokea mwilini, mkoba begani. Hakusema anakwenda wapi, au pengine alisema. Mwezi wa kwanza Radi alinyamaza. Wa pili alimweleza jirani yake wa kibanda cha saba, mtu ambaye wenzake wamembatiza Mfereji, kwa kuwa hutengeneza mifereji ya mvua na kwa kuwa maneno yake nayo hayana kizuizi. Ushauri wa Mfereji hutolewa bure, na thamani yake ni hiyohiyo.

"Mwanamke akishaanza Jumamosi na mkoba," Mfereji alimpigia kelele, "mzee mwenzangu, jua kuna mtu!"

Jumamosi ya mwezi wa tatu Radi alifunga kibanda akamfuata mkewe. Kwa kuwa hakusikia honi, madereva watatu walimtukana njiani, naye hakujua. Mkewe alipita sokoni, akazunguka nyuma, akaingia shuleni. Radi akanyata ukutani hadi dirisha la darasa la mwisho. Akachungulia.

Aliona watu wapatao thelathini wameketi kwa nusu duara. Mkewe alikuwa amesimama mbele, anainua mikono, anaikosea, anafuta hewani kama anayefuta ubao, anajaribu tena. Watu walikuwa wanamcheka, na yeye alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu.

"Nilikuwa sijamwona akicheka miaka miwili," anasema Radi. Hapa sauti yake, ile inayowafanya watu waanue nguo, inashuka. "Nilisimama pale dirishani nikasema, huyu mwanamke kumbe bado anacheka. Ila si na mimi."

Mwalimu mstaafu anayeendesha mkutano ule, mama aliyepoteza usikivu kwa homa akiwa na miaka ishirini na tisa, ndiye aliyemwona. Akamwonyesha mkewe kidole kuelekea dirishani. Mkewe akatoka nje. Hakumfokea kwa kumfuata. Alisimama mbele yake, uso ukiwa juani kama alivyofundishwa, akamshika mikono yote miwili, akasema taratibu:

"Baba, nimekuja kujifunza kuongea na wewe."

Radi analia anaposimulia hili, na hajifichi. Anasema siku ile alilia zaidi, pale pale kwenye ukuta wa shule, na mlinzi alimletea kiti.

Saa nne imefika. Nyundo inawekwa chini. Mkewe tayari anamngoja kwenye lango la uwanja, na wanaondoka bega kwa bega, yeye upande wa barabara kwa sababu ndiye anayesikia magari. Kabla ya kuondoka Radi anapita kibanda cha saba.

"Leo unakuja?" anamuuliza Mfereji, ambaye mwezi uliopita aliahidi kwa kiapo.

"Nikafanye nini?" Mfereji anapayuka. "Mimi nasikia! Watu wa siku hizi ndio wananong'ona!"

Radi anacheka, lakini akigeuka kicheko kinakatika. Anasema hayo ndiyo maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, yamehamia kibanda cha jirani.

Darasani hakuna kengele wala filimbi ya kuanzia. Mwalimu anazima taa na kuiwasha mara mbili, na vichwa vyote vinageuka. Mabenchi yamepangwa ili kila mtu aone uso wa kila mtu. Kuna waliozaliwa viziwi, na lugha ya alama inawatoka kama maji. Kuna waliopoteza usikivu ukubwani kama Radi, ambao bado wanababaisha. Vidole vya Radi vimekakamaa kwa nyundo, na kimoja hakina ncha, kwa hiyo wenzake humtania kwamba ana kigugumizi cha mikono. Anayeongea vizuri hupongezwa kwa mikono iliyoinuliwa juu na kutikiswa, bila sauti.

Fundi makenika wa pikipiki, kijana mwenye kifaa katika sikio moja, anasema hapa ndipo mahali pekee ambapo akiomba mtu arudie alichosema, mtu harudii kwa hasira. Mwalimu anadakia kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja:

"Huko nje wanatuambia 'achana nayo, si kitu.' Neno hilo linaumiza. Nani kakwambia si kitu? Niambie nijue mwenyewe."

Radi aliijua maana ya hilo katika mkutano wake wa pili, pale wanachama walipozungumzia milango. Karibu kila mmoja alikuwa na kisa cha mgeni aliyebisha hodi mpaka akachoka, akaondoka akisema wenye nyumba wana majivuno. Mama mmoja wa makamo alisimulia jinsi mwanawe alivyorudi kutoka safari ya miaka minne, akagonga saa nzima, akaenda kulala kwa jirani. Radi akasimama, akagonga kifua, akasema: "Hilo niachieni mimi."

Alifanya kazi wiki tatu. Alichukua debe, akatia ndani nati za chuma na boliti kuukuu, akaweka mkono wa kulizungusha na kamba ndefu. Alipoivuta kamba uwanjani, mafundi wote kumi na watatu waliacha kazi. Mfereji alitoa hukumu: "Hii hata aliyekufa ataisikia!" Wakampa mkono wote. Radi akaibeba kengele yake shuleni akiwa na kichwa juu, akaining'iniza mlangoni, akavuta kamba kwa nguvu zake zote.

Hakuna aliyetikisika. Watu thelathini waliendelea kumtazama, wakingoja aanze. Aliyeziba masikio ni mkewe peke yake. Mlinzi alikuja mbio kutoka getini akidhani paa limeporomoka.

"Fundi," Mwalimu alimwambia, akijizuia kucheka asiweze, "umetuletea kelele. Kelele hata sisi tunazo, tatizo letu si hilo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Radi alitamani ardhi ipasuke. Akapanda juu ya kiti aishushe kengele yake, na alipoigeuza, jua la dirishani likaangukia tumbo la debe jipya. Kipande cha mwanga kikaruka ukutani, kikapita juu ya ubao, kikakimbia darini. Vichwa thelathini vikageuka kwa pamoja kukifuata.

Radi alibaki ameganda juu ya kiti, debe mkononi. Aligeuza tena. Mwanga ukakimbia, vichwa vikafuata.

"Hapo hapo," Mwalimu alisema. "Hapo hapo, fundi. Usiongeze kitu."

Vitu kumi na viwili vilivyokuwa chini ya gunia ndiyo matunda ya siku ile. Kila kimoja ni bamba la bati lenye ukubwa wa sahani, limeng'arishwa upande mmoja na kupakwa rangi nyekundu upande wa pili, likaning'inizwa kwenye fremu nyepesi. Mgeni akivuta kamba mlangoni, bamba huzunguka ndani: penye jua hurusha mwanga ukutani, pasipo na jua wekundu hupepea mbele ya macho. Maungio yake yamezungushiwa vitambaa, na hayatoi hata mkwaruzo. Mtu aliyepiga kelele kwa miaka thelathini na mmoja anajivunia hilo kuliko yote.

Anavigawa leo mmoja baada ya mwingine. Mama wa makamo anakipokea chake, anakigeuza huku na huku, anaonyesha alama ambayo Radi haielewi. Mkewe anamtafsiria: anasema mwanawe anakuja tena mwisho wa mwezi. Mikono inainuka juu, inatikisika. Radi naye anainua yake, na vidole vyenye kigugumizi vinasema asante, vizuri tu, bila kukosea.

Mchana, nyumbani kwao, ameketi sebuleni akieleza anachotaka. Nyumba ni ya vyumba viwili, safi, meza imetiwa kikaratasi kingine chini ya mguu. Anataka vibanda vyote kumi na vinne viwe na vizibo vya masikio kabla ya mwaka kwisha. Ameshanunua jozi nne, yeye mwenyewe havui vyake akiwa kazini, na moja ya jozi hizo ameitundika kibanda cha saba mahali ambapo Mfereji hawezi kudai hakuiona. Anataka Mfereji apimwe. "Yule ana mke mpole kama wangu," anasema. "Sipendi apoteze miaka niliyopoteza mimi."

Kuhusu masikio yake, hana matumaini ya uongo. Ameshaweka akiba ya masanduku kumi na tisa kati ya arobaini na mawili. Hajui kipi kitatangulia, vifaa kupatikana au kilichobaki kuisha. Ndiyo maana kila jioni, baada ya kula, huketi uso kwa uso na mkewe, akamsimulia siku yake kwa mdomo na kwa mikono pamoja, ili siku sauti itakapomtoka masikioni, mikono iwe imeshazoea.

"Sauti yake naipata kidogo nikiwa karibu," anasema. "Nikiipoteza nitaumia, sikudanganyi. Lakini mazungumzo sipotezi tena. Hilo nimeapa. Na nikisha..."

Anakatiza. Ukutani, juu ya kichwa cha mgeni anayemhoji, kipande cha mwanga kimepita mara mbili. Kwenye dirisha nyuma ya Radi bamba la bati linazunguka polepole, na kamba yake imepita juu ya mlango, ikateremka hadi jikoni.

"Ananiita," anasema Radi. Ameshasimama, ameshavaa kandambili.

Anaitiwa nini?

"Sijui. Nitajua nikifika."

Jikoni hakuna chakula kilichoiva, hakuna mtungi wa kubeba wala mgeni mlangoni. Mkewe amesimama karibu na dirisha, kamba mkononi, anamtazama mumewe akija kutoka sebuleni kwa hatua za haraka. Alipoulizwa baadaye alikuwa na shida gani, aliona haya, akaficha uso kwa kanga ya begani, kisha akacheka.

"Hamna kitu," alisema. "Miaka miwili nilimwita hakuja. Siku hizi navuta tu, nimwone akija."